Maswali ya Wasomaji: Wanyama Wakubwa wa Kale Walikwenda Wapi?

Toleo lililopita lilibeba picha ya mifupa ya Megatherium, slothi wa kale wa Amerika Kusini aliyekuwa na uzito wa kiasi cha tani 4, akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayeangua maembe. Slothi wa siku hizi, kwa wasiomjua, ni mnyama wa ukubwa wa mbwa mdogo anayening'inia mitini na kwenda polepole mno. Picha hiyo imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Kwa kuwa nyingi zinarudia mambo yale yale, nimechagua sita, na kila moja nimeijibu kwa urefu inaostahili.

Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanabishana iwapo mamothi, wale jamaa wa tembo wa kale, waliliwa na dinosau. Nimewaambia hapana, lakini wanadai ushahidi. – Mwalimu, Tabora

Mwalimu, uko sahihi, na wanafunzi wako nao wana haki ya kudai ushahidi. Dinosau, ukiacha ndege ambao ni uzao wao, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Wakati huo mamalia, yaani wanyama wanaonyonyesha watoto wao, walikuwa wadogo, wengi wao wa ukubwa wa panya au paka, na ni baada ya wakubwa wale kuondoka ndipo nao walipopata nafasi ya kukua. Miaka kama milioni 30 iliyopita bara la Asia lilikuwa na Paraceratherium, jamaa wa kifaru asiye na pembe, ambaye kimo chake mabegani kilikaribia mita 5 na uzito wake unakadiriwa kuwa kati ya tani 15 na 20, sawa na tembo dume watatu kwenye mzani mmoja. Huyo naye alikwisha zamani sana kabla mamothi hajazaliwa.

Mamothi mwenye manyoya ni wa juzi tu. Katika pango la Rouffignac nchini Ufaransa, watu wa Zama za Mawe walichora mamothi zaidi ya 150, wakiwa na nundu, manyoya yanayoning'inia na pembe zilizopinda. Waambie wanafunzi wako hivi: wachoraji wale walichora wanyama waliowaona kwa macho yao, na hakuna pango hata moja lenye picha ya dinosau.

Mwalimu wetu anasema wanyama hawa waliuawa na baridi. Kitabu nilichoazima kinasema waliuawa na binadamu. Nimwamini nani? – Mwanafunzi wa kidato cha tano, Moshi

Nianze na neno baridi, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mamothi hakuwa na ugomvi na baridi. Mwaka 2007, katika rasi ya Yamal kaskazini mwa Urusi, mfugaji wa kulungu wa nchi za barafu alikuta ndama wa mamothi aliyehifadhiwa na ardhi iliyoganda kwa takriban miaka 42,000. Ndama huyo, aliyepewa jina la Lyuba, alikuwa na umri wa mwezi mmoja hivi na uzito wa kilo 50. Tumboni mwake mlikuwa na maziwa ya mama yake, na nyuma ya shingo palikuwa na akiba ya mafuta ya kumtia joto. Alikufa kwa kukosa pumzi, kwa sababu mkonga na koo vilikuwa vimejaa tope. Kiumbe wa namna hiyo anazaliwa akiwa tayari kwa baridi. Kilichomsumbua mamothi ni joto lililofuata, pale zama za barafu zilipomalizika miaka kama 11,700 iliyopita na mbuga kubwa za nyasi kavu zikageuka kuwa misitu, vinamasi na kuvumwani.

Mwalimu wako ana mahali pa kusimama. Katika kisiwa cha St. Paul, Alaska, mamothi waliishi hadi miaka kama 5,600 iliyopita. Bahari ilipopanda kisiwa kilizidi kuwa kidogo, ziwa walilokunywa likapungua kina na kuwa tope, nao wakaishiwa na maji ya kunywa. Binadamu hana hatia katika kifo hicho, kwa kuwa hakuna dalili ya mtu kukanyaga kisiwa kile kabla ya mwaka 1787.

Lakini kesi nyingine hazikubali maelezo hayo. Zama za barafu zimekuja na kuondoka mara nyingi katika miaka milioni moja iliyopita, na kila mara wanyama hawa au wazazi wao walipungua, wakajibanza mahali palipobaki na malisho, kisha wakaongezeka tena. Kwa nini mara ya mwisho washindwe? Zaidi ya hayo, hawakufa kwa wakati mmoja. Huko Australia, Diprotodon, mnyama mla majani aliyebeba watoto mfukoni kama kangaruu na kufikia karibu tani 3, alitoweka miaka zaidi ya 40,000 iliyopita, zama za barafu zikiwa bado katikati. Katika bara la Amerika vifo vingi viliangukia kati ya miaka 13,000 na 11,000 iliyopita. Slothi wa nchi kavu wa visiwa vya Cuba na Hispaniola walidumu miaka elfu kadhaa baada ya ndugu zao wa bara kwisha, na wakatoweka baada ya watu kuvuka maji na kufika visiwani. Ukiziweka tarehe hizi kando ya tarehe za binadamu kuwasili au kuongezeka, zinafuatana kama nyayo. Hali ya hewa ya dunia haiwezi kuliua bara na kukisamehe kisiwa jirani kwa miaka elfu kadhaa.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote umetoka kwenye kinyesi. Kuna aina ya kuvu inayoota juu ya kinyesi cha wanyama wala majani, na spora zake, yaani chembe ndogo mno inazozaliana nazo, hupeperuka, huangukia ziwani na kuzikwa katika tope, tabaka juu ya tabaka. Katika tope la Lynch's Crater, huko Queensland, Australia, spora hizo zinapungua kwa ghafla kiasi cha miaka 41,000 iliyopita, na masizi ya moto yanaongezeka baada ya hapo, si kabla. Wanyama walikwisha kwanza, majani yasiyoliwa yakarundikana, na moto ukapata kuni.

Wanaopinga husema kwamba mifupa yenye alama za mikuki ni michache mno kuweza kueleza maangamizi ya bara zima. Ipo, hata hivyo. Huko Naco, jimbo la Arizona, mifupa ya mamothi mmoja ilikutwa na ncha 8 za mikuki ya mawe. Ila sidhani kwamba palihitajika machinjo makubwa, na hapa nakuomba uchukue penseli. Chukua kundi la mamothi 1,000 katika bonde moja. Tembo wa leo hubeba mimba miezi 22 na huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka 4 au 5, kwa hiyo tuseme kundi linaongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, ambayo ni wanyama 30. Wawindaji wa bonde zima wakiua mnyama mmoja tu kwa wiki, wanaua 52. Mwaka wa kwanza kundi linapungua kwa 22, tofauti ambayo hakuna jicho litakaloiona. Lakini kundi likipungua na ongezeko lake nalo linapungua, huku mkuki ukibaki ule ule. Kufikia mwaka wa 18 nusu ya kundi imekwenda, na nusu iliyobaki inamalizika ndani ya miaka 12 tu. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa sungura, uone kama utawamaliza.

Utaniuliza kwa nini wawindaji wasiache mamothi walipoadimika. Ni kwa sababu hawakuwategemea wao peke yao. Waliishi kwa kula nyati, farasi mwitu na wanyama wadogo, na mamothi wa mwisho akikatiza njia alikuwa bahati ya siku hiyo.

Kwa hiyo maoni yangu, na wapo wataalamu wasiokubaliana nayo, ni kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliwapunguza na kuwatawanya kama yalivyofanya mara nyingi kabla, na safari hii binadamu alikuwapo kuwazuia wasirudi. Wanyama wakubwa hawakuponzwa na miili yao, bali na uzazi wao wa polepole.

Nimesikia kwamba wanasayansi watamfufua mamothi. Ni kweli? – Msomaji, Bujumbura

Kumfufua mamothi mwenyewe, hapana. Vinasaba vinavyotolewa katika mizoga iliyoganda vimekatikakatika, na hakuna chembe hai ya kuanzia. Kinachojaribiwa ni kumchukua tembo wa Asia, ambaye ni ndugu wa karibu zaidi wa mamothi kuliko tembo wetu wa Afrika, na kubadilisha baadhi ya vinasaba vyake ili apate manyoya na mafuta ya kuhimili baridi. Atakayezaliwa, akizaliwa, atakuwa tembo mwenye manyoya. Mfano uliopo wa kumrudisha mnyama aliyetoweka ni wa mbuzi mwitu wa milima ya Pyrenees nchini Hispania, ambaye wa mwisho alikufa mwaka 2000. Mwaka 2003 alizaliwa mtoto kutokana na ngozi yake iliyohifadhiwa, na akafa baada ya dakika chache kwa sababu ya kasoro ya mapafu.

Mimi ni mvuvi. Wazee wetu husema nguva ana udugu na tembo, na kijana mmoja ameniambia kwamba zamani kulikuwa na nguva mkubwa kuliko mashua. Naomba ukweli. – Msomaji, Kilwa

Wazee wamesema kweli, na kijana pia. Nguva, ingawa anaishi baharini, si jamaa wa nyangumi wala pomboo. Ukoo wake uko karibu na wa tembo, na ukimtazama nguva jike, matiti yake yako kifuani karibu na makwapa, kama ya tembo.

Nguva mkubwa aliishi kaskazini ya mbali, baina ya Urusi na Alaska. Mwaka 1741 meli ya nahodha Vitus Bering ilivunjika katika kisiwa kisicho na watu, na miongoni mwa walionusurika alikuwamo Georg Steller, daktari na mtaalamu wa viumbe, aliyetumia miezi ile ya dhiki kuandika kila alichokiona. Aliandika kuhusu makundi ya wanyama wenye urefu wa mita 7 au 8 wakila mwani karibu na ufuo, migongo ikiwa juu ya maji na ndege wakidonoa wadudu mgongoni. Hawakuwa na meno bali vibao vigumu vya kusagia, na ngozi yao ilifanana na gamba la mti mkongwe. Waliopata ajali walimchoma mmoja kwa chusa, na watu wapatao 30 wakavuta kamba kutoka pwani. Wenzake hawakukimbia, wengine walijaribu kuisukuma mashua na kuikata kamba. Steller anaeleza kwamba dume mmoja alirudi ufuoni siku mbili mfululizo kumtazama jike wake aliyekwisha kufa.

Habari za nyama hiyo tamu zilienea kwa wawindaji wa ngozi waliopita kule kila mwaka kutafuta fisi maji wa baharini. Wa mwisho anayejulikana aliuawa mwaka 1768, miaka 27 tu baada ya Steller kumwona wa kwanza. Nimekueleza kwa kirefu kwa sababu huyu ni mnyama mkubwa ambaye kutoweka kwake kuna maandishi. Maisha yake yalianza kuandikwa na kumalizika ndani ya umri wa mtu mmoja, kwa sababu hakuogopa, alizaa polepole, na kundi lake lilikuwa tayari ni mabaki ya kundi lililowahi kuenea hadi Japani na California. Nguva wako wa Kilwa na Mafia pia huzaa mtoto mmoja baada ya miaka kadhaa, na anaponaswa katika jarife mahali pake hapajazwi upesi.

Je, ni kweli Kenya imepatikana simba wa kale mwenye jina la Kiswahili? – Msomaji, Kisumu

Jina ni la Kiswahili, simba hayumo. Mwaka 2019 watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens walimtangaza mnyama waliyemwita Simbakubwa kutokaafrika. Mabaki yake yalichimbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, karibu na kwenu, yakahifadhiwa katika droo ya Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi, na hapo yakakaa miongo kadhaa hadi Borths alipoifungua akitafuta kitu kingine. Ndani mlikuwa na taya la chini karibu zima, kipande cha taya la juu na vifupa vichache vya mguu, vyote vya miaka kama milioni 22 iliyopita.

Meno ndiyo yaliyomfichua. Simba ana jozi moja ya magego yaliyochongoka kama makasi ya kukatia nyama kila upande, lakini huyu alikuwa na jozi tatu. Alikuwa wa ukoo wa wala nyama wa kale ambao haukuacha mjukuu hata mmoja, wala paka wala fisi. Makadirio ya uzito wake yanapishana sana, kuanzia kilo 280 hadi kilo 1,500, kutegemea kanuni inayotumika, na mimi ningeitazama tarakimu kubwa kwa tahadhari, maana mwili mzima unakadiriwa kutokana na meno. Binadamu hahusiki kabisa na kifo cha ukoo huo. Misitu ilipungua, mawindo yakabadilika, na wala nyama wengine wakaingia.

Walimu wa Kiswahili watakuwa wameshashika kalamu nyekundu, kwa kuwa mnyama huyo alistahili kuitwa simba mkubwa, na kwa ngeli hiyo "simbakubwa" lina upungufu wa m. Kanuni za majina ya kisayansi zinaruhusu, lakini sarufi yetu hairuhusu, na jina likishatangazwa halirekebishwi kwa sababu hiyo.

Kama binadamu ndiye aliyewamaliza, mbona Afrika, alikozaliwa binadamu, bado ina tembo, vifaru, viboko na twiga? – Msomaji, Arusha

Swali lako ndilo lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu kuliko mengine. Katika makumi machache ya maelfu ya miaka iliyopita, Australia ilipoteza karibu asilimia 88 ya jenasi (makundi ya aina zenye udugu wa karibu) za mamalia wake wakubwa, yaani wale wanaozidi kilo 44, Amerika Kusini zaidi ya asilimia 80, na Amerika Kaskazini zaidi ya asilimia 70. Afrika ilipoteza chini ya asilimia 20.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wanyama wa Afrika walimfahamu binadamu tangu akiwa mwanafunzi. Olduvai kuna mifupa ya miaka milioni 1.8 yenye mikato ya mawe makali, maana yake ni kwamba mnyama wa huku alijifunza tabia za mwindaji huku mwindaji naye akijifunza kuwinda. Kumbukumbu hiyo ipo hadi leo. Mwaka 2007 watafiti wa Amboseli walionyesha kwamba tembo wakinusa nguo iliyovaliwa na Mmaasai hukimbia kwa kasi na kwenda mbali zaidi kuliko wakinusa nguo iliyovaliwa na Mkamba, kwa sababu vijana wa Kimaasai ndio wanaowachoma mikuki. Kule Amerika, mamothi aliyemwona mtu kwa mara ya kwanza hakuwa na sababu ya kumhofu kiumbe mwembamba wa kilo 60 asiye na makucha.

Usidhani hata hivyo kwamba Afrika haikupoteza kitu. Tulikuwa na Deinotherium, jamaa wa tembo ambaye pembe zake zilitoka taya la chini na kupinda kuelekea ardhini, aliyedumu hadi miaka kama milioni moja iliyopita. Tulikuwa na nyati ambaye pembe zake zilitanda kiasi cha mita 3 kutoka ncha hadi ncha, na watu wa Sahara ya Algeria walimchora miambani kabla hajatoweka. Tofauti ni kwamba hasara nyingi za huku zilikuja kidogo kidogo katika mamilioni ya miaka, nyasi zilipokuwa zikichukua nafasi ya miti, na hivyo kumlaumu mwindaji kwa zote itakuwa kumwonea.

Ukitaka kuona tofauti hiyo kwa karibu, vuka mlango wa bahari kutoka Msumbiji hadi Madagaska, kilomita 400 hivi. Watu walichelewa kufika na kuenea huko kuliko bara, na katika miaka kama 2,000 iliyopita kisiwa kimepoteza viboko wake wote na lemuri (jamaa wa kima wanaopatikana kisiwani humo) wake wote wakubwa, mmoja wao akiwa na ukubwa wa sokwe mkubwa dume wa milimani. Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana kule, aliandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1658 habari za mnyama ambaye wenyeji walimwita tretretretre, mwenye ukubwa wa ndama wa miaka miwili, kichwa cha mviringo na uso kama wa mtu. Wataalamu wengi wanaamini kwamba alikuwa lemuri mkubwa wa mwisho. Flacourt anasema aliishi peke yake, na kwamba watu wa nchi ile walimwogopa sana na kumkimbia, naye vilevile aliwakimbia watu.